Waya Mweusi

Jumatatu nilipita Limbani nikitangaza maji yatakatika.
Wao wakasikia yatapatikana.
Si kosa langu, wala si la masikio yao:
ndani ya spika zangu alihamia mbu,
mbu wa chuma, anayeimba kwa kadiri ninavyokanyaga mafuta;
nikipunguza anashuka, nikiongeza anapanda
hadi kule juu ambako "kati" na "pati" ni mamoja.
Kesho yake nilirushiwa ndoo tupu.
Moja ilikuja na kifuniko chake.

Nikaambiwa nunua chujio. Nikanunua.
Nikaambiwa nyaya za sauti zipite kushoto,
ule mwekundu wa betri upite kulia, wasisikilizane.
Nikazipitisha. Mbu akanenepa.
Jamaa wa Bopwe, mwenye Noah na mdomo, akasema:
"Ampu imezeeka hiyo, yakhe, itupe."
Ampu niliyoletewa na shemeji kutoka Sharjah,
imevingirishwa kanga mbili kama mtoto wa arubaini!

Mize Shaame, nyuma ya duka la barafu, Kipangani,
hakuifungua ampu. Hata hakuitazama.
Aliuliza tu: "Huu mweusi unakwenda wapi?"
Nikamjibu: ardhini.
Akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.
"Ardhi ipi? Gari lako limevaa raba miguu yote minne.
Ardhi ya gari ni mwili wake."

Akaufuata kwa vidole chini ya zulia,
chini ya mchanga, risiti, punje za karafuu,
mita mbili na nusu za waya mwembamba
(mwekundu wangu ni mnene kama kidole gumba,
mweusi kama uzi wa kushonea kofia)
mpaka kwenye bolti ya mkanda wa kiti.
Imekazwa vizuri. Niliikaza mwenyewe, kwa jasho.
Imekazwa juu ya rangi ya kiwandani,
na juu ya hiyo, rangi niliyopaka mimi
nilipotaka gari lifanane na la serikali.

"Rangi ni sura," akasema Mize. "Sura haipitishi umeme.
Na umeme si sadaka, weye: ukitoka unadai kurudi.
Ukinyimwa njia yake
utarudi kwa njia ya sauti yako."

Kwanza akaivua betri kichwa chake hasi.
Kisha msasa, polepole, pale karibu na ampu,
akakwangua rangi yangu, akakwangua rangi yao,
akakwangua kutu ambayo chumvi ya hapa
huipanda usiku bila kuomba shamba,
mpaka bati likawa jeupe kama kucha iliyooshwa.
Waya mpya, shibiri mbili tu, unene wa mwenzake mwekundu.
Pete ya shaba. Washa yenye meno, iume.
Akakaza. Akapima. Mita ikasema sifuri nukta nne.
Akakunja uso, akafungua, akasugua tena
(mimi ningeondoka hapo)
mpaka mita ikakosa la kusema.
Juu yake akapaka grisi, kama unavyompaka mtoto mafuta
kabla hajatoka kwenye upepo.

Nikawasha injini. Nikakanyaga. Nikakanyaga zaidi.
Hakuna.
Nikashika kipaza sauti nikasikia pumzi yangu mwenyewe,
na mate yakishuka kooni.
Miezi minane nilikuwa nikimpigia mbu kelele,
nikidhani ndiyo kazi.
Nilikosa la kutangaza. Mize akanyoosha mkono: "Elfu ishirini."

Alasiri nikarudi Limbani. Kwa sauti ya kusemea mezani:
"Tangazo. Kesho maji yatakatika. Yata-ka-ti-ka."
Dirisha likafunguliwa, mama mmoja akatoa kichwa:
"Tumesikia! Kwani sisi viziwi?"
Mitungi ikajazwa, masufuria, mpaka birika za chai.

Na kesho yake maji hayakukatika.
Hilo si la waya wangu.
Waulizeni wenye bomba.